Wimbo wa Majilio Ambao Bibi Hakujua Maana Yake

Kwetu Ng'ambo, Tabora mjini, tulikuwa Waislamu tangu enzi za mababu. Kwa hiyo nilipopelekwa kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Bukene, nyimbo za kanisani zilikuwa ngeni kwangu.

Jirani yangu alikuwa bibi mjane, mwanafunzi wangu pia. Jioni moja, mvua za kwanza zikikaribia, nilimkuta barazani akibambua karanga za mbegu na kuimba. Wimbo ulikwenda polepole, bila ngoma wala makofi, ukanikumbusha ustadhi wetu akisoma Kurani.

"Shikamoo, bibi. Hiyo ni lugha gani?"

"Marahaba, mwalimu. Kilatini. Ni wimbo wa Majilio, yale majuma ya kungoja Noeli. Masista walitufundisha kule misheni nikiwa msichana."

"Unasema nini?"

"Sijui. Hawakutuambia, na sisi hatukuuliza." Akapepeta maganda kidogo. "Nadhani ni wa msiba, maana una huzuni. Nilimwimbia mwanangu siku tuliyomzika."

Nilishindwa kuliacha jambo lile. Nikamwomba auimbe tena taratibu, nikaandika daftarini kila nilichosikia.

Jumapili padri alipofika kwa pikipiki, nilimngoja nje hadi misa ikaisha, bibi akatoka tukamwendea pamoja. Alisoma mwandiko wangu, akarekebisha herufi mbili tatu, kisha akaeleza kwamba humo watu wanaiomba mbingu iwashushie Mkombozi, kama umande na mvua zinavyoishukia ardhi.

"Kumbe ni wa mvua," bibi akasema. Akageuka kushika njia.

Tulirudi pamoja. Nilianza kuona kwamba kwa udadisi wangu nimemnyang'anya kitu.

"Bibi, nimekukosea?"

"Hapana. Siku ile ya maziko sikuwa na maneno yangu mwenyewe. Niliimba nilichokuwa nacho." Hatua chache mbele akasimama. "Hayo ya Kiswahili aliyosema padri, nifundishe kuyaandika."

Basi tukaliweka kando somo la kilimo cha pamba lililokuwa kitabuni. Kwa majuma mawili aliandika umande, mbingu, mawingu, akifuta na kuandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Alipomaliza, alimpelekea katekista, ili kwaya iyaimbe maneno hayo kwa sauti ileile ya zamani. Wakati huo kwaya ilikuwa imeshazoea Kiswahili na ngoma, na vijana wakalalamika kwamba wimbo unajikokota. Hata hivyo walikubali kuujaribu, ngoma zikae chini.

Jumapili ya mwisho ya Majilio nilisimama mlangoni, kitambaa changu kichwani, nikitaka kusikia utakavyokuwa. Bibi alikaa mstari wa mbele, akifuata kila neno kwa kidole. Angeweza kuuimba kwa Kilatini macho yamefumbwa, lakini alitaka kusoma, na kila mara alibaki neno moja nyuma. Mwisho wa kila mstari, kwaya nzima ilinyamaza ikimngoja afike.