Mlango wa Tatu wa Hoteli ya Jedidah

Voi ya mwaka 1956 ilikuwa na kuta chache sana ambazo Kilonzo hakuwahi kuzigusa. Alikuja kutoka Ukambani akiwa kijana, wakati wa vita vya Mjerumani, kubeba mawe ya reli ya Taveta. Reli ilipokwisha, akabaki na mwiko mkononi. Alipiga plasta maduka ya Wahindi, akaziba nyufa za nyumba za stesheni, akapaka kanisa chokaa mara asizojua ni ngapi. Jambo moja alijivunia kuliko yote: kiraka chake hakionekani. "Tafuta nilipoziba," angekuambia, mikono kiunoni. "Tafuta mpaka macho yakutoke." Na kweli ungetafuta usipate.

Asubuhi moja alimkuta Jedidah, mjane wa Kitaita aliyeuza chai na mandazi karibu na reli, ameketi nje ya hoteli yake, jiko halijawashwa. Hilo peke yake lilimtisha.

"Mama, leo tunakunywa upepo?"

"Muulize huyu bwana. Anataka kuvunja nyumba yangu."

Huyu bwana alikuwa Crispus, karani wa ramani, kijana wa soksi nyeupe zilizofika magotini. Mezani alikuwa ametandaza ramani ya kwanza ya mji, na kando yake picha ya wakati wa vile vita vya Mjerumani iliyoliwa pembe na mende. Barabara ingepanuliwa. Majengo yaliyokuwa kwenye ramani ile yangebaki; lililoongezwa baadaye bila kibali lingebomolewa. Ramani ilionyesha majengo matano. Mtaani yalisimama sita.

"Tazama picha, mzee," Crispus alisema kwa adabu. "Jengo la mwisho lina milango mitatu. Hoteli hii ina miwili. Stoo ya ngozi hapo jirani ina mitatu. Basi stoo ndiyo ya zamani, na hoteli ndiyo iliyozidi."

Kilonzo aliishika picha juani. Aliona nyumbu wa jeshi, askari mmoja anayejikuna shingo, na nyuma yao ukuta. Mlango ule wa tatu aliujua! Vita vilipokwisha, marehemu mume wa Jedidah alimwita auzibe, maana moshi wa treni ulikuwa ukiingia hadi kwenye masufuria. Mawe yalikuwa yamekwisha, akang'oa fremu, akazichonga kingo kwa jicho tu, akautia matofali ya udongo, kazi ya siku moja.

"Stoo imejengwa juzijuzi tu," alisema. "Na huu mlango niliuziba mimi."

"Uko wapi?" Crispus alipitisha kiganja ukutani. Ulikuwa laini kama yai. "Mzee wangu, hayo kila mtu anaweza kusema. Nipe kitu nikione kwa macho."

Watu walikuwa wameanza kusogea. "Kilonzo, leo utuonyeshe basi!" Mbula muuza ndizi akapaza sauti. "Ama hata wewe umesahau ulipouficha?"

Hakuwa amesahau. Njia ya kuuonyesha aliijua vizuri, na ndiyo iliyomkwamisha. Mafundi vijana wawili walikuwa pale pale, wale aliowatambia miaka yote kwamba kiraka chake hakionekani. Akamtazama Jedidah. Mama yule alikuwa ameikunja mikono mapajani kama mtu aliye matangani.

"Nipeni ndoo ya maji," Kilonzo akasema.

Akaumwagia ukuta maji toka pembe hadi pembe, ndoo tatu nzima, mpaka wote ukawa mweusi.

"Sasa umenifulia nyumba," Jedidah akanung'unika.

"Ngoja jua, mama."

Jua la Voi halichelewi. Mawe yalianza kukauka, ukuta ukarudia weupe wake kidogo kidogo. Lakini katikati sehemu moja ilibaki nyeusi, kwa kuwa tofali la udongo hunywa maji na haliyaachi upesi. Kingo zake zilinyooka hadi juu, kisha zikaegemea kushoto.

"Mlango!" watu wakapiga kelele.

"Na umeenda upande, fundi!" Mbula alikuwa hoi kwa kucheka. "Ulikuwa umelewa?"

Kilonzo alicheka mpaka akakohoa. "Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Na ndiyo, nilikuwa nimelewa."

Crispus alipima kwa hatua kutoka pembeni hadi mlangoni, akarudi kwenye picha, akapima tena. Halafu akachukua penseli na kuandika "hoteli" ndani ya kisanduku cha tano.

"Hii inabaki, mama."

Stoo haikuwa na wa kuililia. Ilikuwa tupu, na mwenyewe alishahamia Maungu. Jedidah alikuwa amekwisha kuinama jikoni, anapuliza moto, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Haikujulikana kama ni kicheko au kilio.

Chai ilipokuja, Crispus alitoa picha nyingine nne mkobani.

"Mzee, na hili lenye ngazi ni lipi?"

"Hilo?" Kilonzo akavuta kiti. "Sogea kivulini nikusimulie. Ngazi hizo tulizivunja zilipomwangusha mwenye duka mara ya pili."