Vidonge Vilivyopungua Mgeta

Kila asubuhi nameza vidonge viwili nikiwa sijala kitu, halafu nakaa saa nzima nikiiangalia chai. Jioni hivyo hivyo. Daktari aliniambia hii ni dawa ya maisha, akalisema jambo hilo kama mtu anayekupa habari njema. Sina ugomvi naye. Nimechoka tu. Mwaka wa saba huu naishi Mafiga, mjini Morogoro, nashona sare za shule, na hakuna siku niliyoamka nikanywa chai kwa sababu nimeitamani.

Ugonjwa wenyewe ni wa kurithi, na ni adimu kiasi kwamba kila nesi mgeni huniomba nirudie jina lake. Mwili wangu haujui kutoa shaba. Kila mtu huila kidogo kidogo, kwenye maharage, kwenye karanga, kwenye uyoga, na mwili wake huitoa. Wangu huilimbikiza kwenye ini na kwenye ubongo. Kabla ugonjwa haujajulikana, mikono ilitetemeka mpaka kutunga uzi kwenye sindano kukanishinda, na ulimi ukawa mzito. Mtaani walisema nakunywa. Nyumbani Mgeta, milimani, walisema nimerogwa, na mama akanizungusha kwa waganga mpaka soli za viatu vyake zikaisha. Vidonge ndivyo vilivyonirudisha kwenye cherehani. Kwa hiyo navimeza, nanung'unika, kisha namshukuru Mungu.

Dawa hiyo Morogoro haipo. Huagizwa, nami naifuata Dar kila baada ya miezi mitatu, imehesabiwa, haina ziada. Ndiyo maana nilishtuka kopo lilipoanza kuisha kabla ya siku zake. Mara ya kwanza vilipungua vidonge sita, nikajilaumu kwamba labda nilivimwaga. Mara ya pili vikapungua kumi. Nikakaa nikatafakari, nikagundua kwamba mara zote mbili nilikuwa nimetoka kumsalimia mama.

Kwenda kwetu unapanda lori linalofuata kabichi, halafu unashika njia ya miguu inayopanda bila huruma. Safari ya tatu nilivihesabu kabla ya kutoka Mafiga, nikavihesabu tena siku ya pili kule juu. Vinne havikuwepo. Nikamfuata mama jikoni alikokuwa anachochea moto, nikamwamkia, nikaliweka kopo mbele yake. Hakubisha. Mama si mwongo. Ni mtu wa kuficha, na ukishamfumania hutoa yote.

Alisema anampa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Posa ilishaletwa, mjomba alishaipokea, na wiki ile wageni wa upande wa mwanamume walikuwa waje kumwona. Yeye ndiye angewaletea sinia la chai. Miezi yote ile mama hakuwaza kingine ila vikombe kugongana kwenye sinia mbele ya wakwe. Vidonge vilimtuliza mkubwa, vitamtuliza na mdogo: viwili leo, viwili kesho, bila mtu kujua. Na binti mwenyewe alikuwa ameambiwa ni dawa ya kuongeza damu.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Hospitali walishasema tangu mwanzo kwamba ndugu zangu wa tumbo moja wapimwe, na kila mwaka ni yeye aliyenijibu kwamba mtoto mzima, hana shida. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo mama anaijua, ndiye aliyenifundisha.

"Wewe umeshajulikana, mwanangu," alisema. "Yeye bado."

Ni kweli nimejulikana. Tangu niugue haijaletwa barua yoyote ya posa kwa ajili yangu, na nimeacha kuingoja. Lakini neno lake lilinichoma, na linanichoma hata sasa ninapoandika. Nilitoka nikasimama uani. Mdogo wangu alikuwa anafunga mafungu ya karoti, kiganja cha kushoto kimeubana mkono wa kulia, vile vile nilivyokuwa nafanya mimi.

Wageni sikuwangoja. Nilimwambia mjomba, kwa heshima zote, kwamba binti anaumwa na ninashuka naye. Akasema atawapelekea wageni taarifa. Mama hakutusindikiza. Tulishuka juu ya magunia ya kabichi, mdogo wangu amejifunika kanga usoni, analia au amelala, sikumwuliza.

Dar, daktari alimmulika macho, kisha akaniita nami nichungulie kwenye mashine. Duara la rangi ya kutu, shaba ile ile, lilikuwa limezunguka weusi wa jicho. Vipimo vya damu na mkojo vikasema hivyo hivyo. Dawa yake ikaagizwa, tukaambiwa itachukua wiki kadhaa. Nilipomweleza mambo ya mama, daktari akanikataza kabisa kumgawia yangu. Dozi ya kubahatisha inaweza kumzidishia mtetemo, alisema, yeye ataanzishwa polepole huku anaangaliwa. Na mimi nikipunguza yangu, ini halitanivumilia. Aliyarudia maneno hayo mara mbili.

Tukarudi Mafiga kungoja. Nina chumba kimoja. Asubuhi yeye hukaa mkekani, mimi kwenye kiti cha kushonea, kopo liko juu ya cherehani. Siku za mwanzo nilimeza mbele yake, baadaye nikawa nampa mgongo. Asubuhi moja alijimiminia chai, nusu ikaenda sakafuni, akaifuta kwa pindo la kanga, akaniomba radhi. Kidonge hakuwahi kuniomba. Angeniomba ningemgombeza, na kumgombeza kungenipunguzia uchungu kidogo.

Ijumaa moja asubuhi mama akapiga simu, mara ya kwanza tangu tuondoke. Alisema wale watu wameghairi posa. Hakulalamika, akaendelea na habari za mvua, kabichi zinaozea shambani. Akauliza kama mtoto anakula, kama analala, na mkono unaendeleaje. Nikamwambia uko vile vile.

"Dawa yake imefika?"

"Bado, mama."

"Na vya kwako, unampa?"

Nikamweleza alivyosema daktari, kuhusu dozi, kuhusu ini langu, taratibu, kama ninavyowaeleza manesi wageni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mdogo wangu alikuwa ananiangalia kutoka mkekani, ameshika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Haya," mama alisema. "Mimi nilikuwa nampa."