Mgonjwa Aliyeletwa na Mkwewe

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata ile niliyopewa shahada ya udaktari. Nilikuwa mwaka wa nne wa masomo, na serikali ilitaka sisi wanafunzi wa udaktari tukae vijijini, tujifunze kwa wananchi. Nikapangiwa zahanati ya kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Mtinko, karibu na kwetu. Nilifurahi, maana nilitaka kuonwa. Lile koti jeupe nililipiga pasi asubuhi na jioni. Cheka tu, hata mimi najicheka.

Msimamizi wangu alikuwa tabibu mmoja mzee, Mnyaturu kama mimi, ambaye chuo kikuu hakukijua hata mlango. Nilimwamkia shikamoo kwa mdomo, moyoni nikijiona nimempita. Mtoto wa jana!

Asubuhi hiyo foleni ilikuwa ndefu, nami nilitaka kuimaliza upesi ili nisifiwe. Akaingia mama wa makamo, ameletwa kwa baiskeli na mume wa binti yake. Kijana alisimama mlangoni akiangalia chini.

"Unaumwa nini, mama?" nikauliza, kalamu tayari.

Akajivutia khanga usoni. "Kichwa tu, baba. Na kizunguzungu."

Nikampa aspirini, nikaandika, nikaita mwingine. Mzee alipopitia daftari langu baadaye, kidole chake kilisimama pale pale.

"Huyu alikuja na nani?"

"Na mkwewe."

"Na wewe ukamuuliza mbele ya mkwewe?"

Mwanangu, mimi nimezaliwa huku. Nilijua tangu utotoni kwamba mama hataji habari za mwili wake mbele ya mkwe, hata kama anakufa. Nilijua vizuri, ila niliona mambo hayo ni ya nyumbani, hayana nafasi kwenye udaktari.

"Ulimfunua kope uone kama ana damu ya kutosha?" Sikuwa nimemfunua. Mzee akatikisa kichwa. "Chuo kimekufundisha dawa, mjukuu wangu. Mama yako alikufundisha watu. Mbona umemwacha nyumbani?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenichapa.

Nikatoka mbio na koti langu. Niliwakuta njiani, mama amekaa chini kando ya baiskeli, ameshindwa kuendelea, midomo imepauka. Vidonge bado alikuwa amevifumbata, na baadaye nilimshukuru Mungu kwamba hakuvimeza, kwa sababu aspirini humfanya anayetokwa damu atokwe zaidi. Nikamwomba kijana akatafute maji. Alipokwenda, nikachuchumaa, nikamwamkia mama upya kwa Kinyaturu, nikamuuliza habari za nyumbani kama inavyotakiwa.

"Mwanangu, mimba iliharibika," akasema. "Leo siku ya saba, damu haikatiki. Nilishaona nitakufa nayo."

Tulimrudisha zahanati, na gari la wilaya likamfikisha hospitali mjini Singida. Damu ilipotakiwa, wa kwanza kukunja mkono wa shati alikuwa yule mkwe. Hakuuliza mama anaumwa nini. Alijua si swali lake, akanyoosha mkono, na damu yake ikaoana na ya mama. Mama akapona. Nililia mbele ya mzee wangu bila haya, naye akanicheka kwa upendo.

Basi wewe unayekwenda kuanza udaktari, na mashine zenu zinazoona mpaka ndani ya mfupa, zipende na uzijue sawasawa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini mimi nimeona kwamba mara nyingine anayemfanya mgonjwa afiche ni daktari mwenyewe. Angalia nani yupo chumbani kabla hujauliza. Mwamkie aliyekuzidi umri, foleni itasubiri. Na ukikosea, maana utakosea, mkimbilie mgonjwa wako hata njiani, watu wakuone wasikuone.

Mungu akubariki, mwanangu. Aitulize mikono yako na aulainishe ulimi wako, na wanaoletwa kwako wamebebwa warudi makwao kwa miguu yao.