Kelele Gani?

Tuliporudi Koboko kutoka ukimbizini Zaire, tulipanga chumba kando ya mashine ya kusaga muhogo. Kaka yangu akaanza kuziba masikio kwa matambara. "Hii kelele iko napiga mimi kila saa, kama mpya," alilia. Mimi, mjinga, nikamuuliza, "Kelele gani?" Sikumdanganya; tulikuwa tumeizoea hata hatuisikii. Miaka baadaye daktari wa Arua alinieleza kwamba ubongo wenye skizofrenia hushindwa kuzoea sauti inayojirudia. Lakini siku ile, kwa neno langu, mama aliamini kaka anasikia sauti zisizokuwepo, na wajomba wakamfunga kamba kwenye nguzo.

Mashine ilipoishiwa dizeli, sote tuliinua vichwa, tukaulizana kuna nini. Yeye alikuwa amelala fofofo.

Dizeli ikapatikana kesho yake. Kamba tulikuwa hatujaifungua.