Uso wa Sabiha

Siku Bi Hajra alipomwamkia shikamoo mwanawe wa kumzaa, mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda nachambua mchele. Miza aliingia na sinia la uji kama alivyoingia kila siku tangu mama yake aanze kupotewa na akili. Bi Hajra akajiweka sawa kitandani, akavuta kanga akafunika magoti, akasema kwa adabu ya mwali aliyefunzwa, "Shikamoo, mama."

Hilo si jambo la kucheka. Shikamoo hupanda, haishuki. Mzazi akimwamkia mwanawe, hata kwa kupotewa, aliye karibu husisimka mwili mzima. Miza hakuitika marahaba, na nani angeweza? Aliweka sinia chini taratibu, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelitamka neno hilo.

"Mama, ni mimi. Miza."

"Miza yuko chuoni kwa mwalimu," Bi Hajra akasema. "Akirudi atakuletea maji ya kunawa. Karibu ukae, mama, miguu ya mtu mzima haitaki kusimama."

Miza binti Ghaith ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hapa Bagamoyo. Mimi ni Mwaija, Mkwere wa Miono, nimeletwa mjini na ndoa. Yeye ni wa wale Waarabu wetu waliofanya biashara hapa tangu mababu, mwenye duka la kanga, udi na mafuta ya mawaridi. Mwanamke yule angeweza kumuuzia doti ya kanga mtu aliyekuja kuuliza njia. Aliolewa mapema, akaachwa mapema kwa kutozaa, akarudi kwa mama yake na hakutoka tena. Alikuwa mkaidi, mwepesi wa kucheka, na akicheka alifunika mdomo kwa mkono kama mtoto aliyeiba sukari. Umri ulikuwa umevuka hamsini. Jua la magulio ya Mkange na Miono lilimla uso, na kuuguza kukammalizia mashavu.

Tangu siku ile ya shikamoo hakuwa na amani. Alitaka jambo moja tu: mama yake amtazame, amwite kwa jina lake, amwambie nimekuwia radhi, kabla hajafumba macho. Mtoto wa Kiislamu aliyemuuguza mamaye hatamani urithi kuliko neno hilo. Na Bi Hajra alikuwa anaisha, kila mmoja wetu aliliona hilo.

"Ananitafuta, Mwaija," akaniambia. "Mimi nipo hapa namwogesha, na yeye ananitafuta. Uso wangu ndio unaomziba."

"Uso wako una kosa gani? Umezeeka. Ulitaka ufanye nini kingine?"

"Nitaurudisha."

Nikamwambia shoga yangu, umerogwa. Sikuficha, mimi nikikasirika husikika mpaka barabarani. Kwetu uso huoshwa kwa maji, ukapakwa mafuta ya nazi, basi. Lakini Miza akishaamua ni maji ya mto, na nikaona afadhali niende naye Dar kuliko kumwacha aende peke yake akarudi hana pua.

Kwanza tulikwenda saluni moja ya ghorofani, mapazia ya dhahabu. Mwenye saluni alicheka kwa mdomo tu, macho hayakupata habari. Alitaka ampige Miza mwanga wa leza, amchubue ngozi kwa dawa, amwingize nyuzi za kuvuta mashavu, amjaze midomo, na yote siku ile ile. Miza alimtazama vile anavyotazama kanga zinazochuja rangi. Tulipofika chini akasema, "Nikitoka mikononi mwa huyu, hata paka wangu atanikimbia." Nikafurahi, nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Aliuliza huku na huku mpaka akampata Dokta Habiba, bingwa wa ngozi kule Mikocheni, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye makunyanzi yake mwenyewe kando ya macho. Huyo alimkalisha dirishani kwenye mwanga wa jua, akamwambia acheke, akunje uso, aseme habari za dukani. Akasema uso hautazamwi ukiwa umelala, hutazamwa ukiwa kazini. Leza hakuitaka, wala dawa kali ya kuchubua, maana ngozi zetu zikiharakishwa hubaki na mabaka. Nyuzi pia akazikataa. Alichokubali ni kidogo: fila ya kujazia pale mashavu na panja vilipobonyea, matone machache ya botoksi ya kulegeza mikunjo katikati ya nyusi, cheko asiliguse, na mafuta ya kukinga jua kila akienda gulioni. Tena kwa awamu, nusu kwanza, nusu baada ya kuona.

"Kazi nzuri," akasema, "ni watu wakuambie umelala vizuri. Wakikuuliza umefanya nini, nimekosea. Safari ijayo niletee picha yako ya zamani. Siirudishi, naangalia tu mifupa yako ilikuwa imebeba nini. Sitaki nikujengee uso wa mtu mwingine."

Maneno ya haki kabisa. Ila dokta hakujua nyumba aliyotoka Miza. Mzee Ghaith, Mungu amrehemu, hakuruhusu binti zake wapigwe picha. Kamera haikuvuka kizingiti chake. Hata harusini Miza alifunikwa gubigubi, na hakuna jicho la mashine lililomwona akiwa msichana. Picha ya mwanamke iliyokuwamo mle ndani ilikuwa moja tu, ya Sabiha, mdogo wake Bi Hajra, iliyopigwa kwa ajili ya pasi ya kwendea Maskati. Safari hakuipata. Homa ilimchukua katika nyumba ile ile, Miza akiwa bado ananyonya. Na tangu akiwa mtoto, kila mzee aliyepita alimshika kidevu akasema, wewe na mama yako mdogo kama shilingi kwa ya pili.

Miza akaibeba picha hiyo.

"Si yako," nikamwambia tukiwa tumekaa tunangoja zamu.

"Sina nyingine, shoga. Na mimi ndiye huyu huyu, wote wamesema."

Dokta aliishika, akauliza, "Ni wewe?" Nikamkanyaga Miza mguu kwa nguvu zangu zote. Akasema ndiyo.

Tulikwenda, tukarudi, tukaenda tena. Wekundu ukaondoka, uvimbe ukanywea, na uso ukaanza kutokea polepole kama mtu anayekuja kutoka chumba cha ndani. Siwezi kumsingizia dokta, mkono wake ulikuwa mzuri mno. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, lakini pale hukuona mahali palipoundwa. Hapakuwa na donge wala mkazo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyelala vizuri. Nami nilimjua Miza alipokuwa thelathini na kitu. Hakuwa huyu.

Wa kwanza kuona alikuwa Mzee Humoud, binamu ya Bi Hajra, aliyezoea kupita dukani adhuhuri kuchukua udi. Jua lilikuwa la utosi, barabara tupu, saa ile ambayo watu wa hapa huwazuia watoto wasitoke kwa kuogopa wasioonekana. Alivua viatu, akaingia, akamkuta Miza amesimama nyuma ya meza. Nilimwona akifungua mdomo kusalimu, salamu isitoke. Akasoma audhubillahi. Akarudi nyuma hatua kwa hatua bila kumpa mgongo, mpaka nje, akaenda zake juani miguu mitupu. Viatu vyake vililala mlangoni pa duka, na hakutuma mtu kuvifuata.

"Umeona?" nikamwambia Miza.

"Ataniona mama," akajibu. "Huyo mzee macho yake mabovu."

Kwa mama yake hakuwa ameingia kwa siku kadhaa. Alitaka uso utulie kwanza, mimi ndiye niliyemlisha bibi. Jioni ile, kabla ya magharibi, akaoga, akajifusha udi, akajitanda kanga kama alivyojitanda zamani, akasukuma mlango. Mimi nilikuwa nyuma yake na bakuli.

Bi Hajra alimtazama muda mrefu. Hakushtuka. Laiti angeshtuka! Alikunja uso kama dada anayemngojea mdogo wake aliyechelewa sokoni.

"Sabiha," akasema. "Nani kakufungulia?"

Bakuli likaniponyoka. Miza akapiga magoti pembeni ya kitanda. "Mama, ni mimi, Miza. Nitazame vizuri, mama."

"Miza mtoto mdogo, usimtaje, usije ukamchukua." Akanyoosha mkono, akampapasa paji, akashuka hadi mashavuni. Vidole vikasimama pale ilipowekwa ile dawa, vikabonyeza taratibu, kushoto na kulia. "Pamba niliyokutia bado imo," akasema. "Nilikutia mwenyewe. Nilikuosha mwenyewe, sikumwachia mtu. Na kidevu nilikufunga." Akamwinua kidevu, akatafuta kwa vidole chini yake. "Kitambaa umekipeleka wapi?"

Akavua mtandio wake kichwani. Mikono ile iliyokuwa haiwezi kushika kijiko ikaupitisha chini ya taya ya Miza, ikaupandisha hadi utosini, ikaufunga fundo, imara, kama wanavyofungwa waliotutangulia. Miza hakujitoa. Alikaa vile na machozi yakimtiririka kwenye kitambaa, hawezi kufungua kinywa hata kusema jina lake. Nilimfungua mimi, na niseme kweli, niliogopa kumgusa.

Tangu siku hiyo Bi Hajra hakula tena mkononi mwa Miza. Alisema mtu hali chakula cha maiti. Alikuwa mpole naye, alimuuliza habari za huko, kama kuna joto, kama mchanga ni mzito, kama amemwona mama yao. Ila kijiko kikitoka kwa Miza, alifunga midomo. Kikitoka kwangu alimeza viwili vitatu, kisha akatazama mlangoni.

"Yule mama haji?" akaniuliza.

"Mama yupi, Bi Hajra?"

"Yule."

Sikumjua anayemtaka, watu anaowataka walikuwa wengi na wengi wao wako makaburini. Nikamwambia atakuja.

Na Miza naye akaanza kunitisha. Alipita mbele ya kioo upesi upesi kama anayempisha mtu. Dukani wateja wazee walipungua, na waliokuja waliacha pesa juu ya meza, mkononi hawakumpa. Siku moja nilimwita uani, Miza, Miza, kimya. Alikuwa ameinama anafua, hakuwa mbali. Hasira zikanipanda, nikasema kwa kejeli, "Haya, Sabiha!" Akageuka. Tulitazamana, mimi na yeye, sabuni ikimdondoka mikononi. Hatukulizungumza tena jambo hilo, lakini nililala mlango nimeufunga kwa komeo.

Hapo ndipo alipokubali kumpigia dokta na kumwambia ukweli wa ile picha. Dokta Habiba akasema yapo matumaini. Botoksi itaisha yenyewe baada ya miezi, na fila ina sindano yake ya kuiyeyusha. Mashavu yatarudi yalivyokuwa. Akampa miadi ya Jumatatu. Miza aliimba siku ile, kwa mara ya kwanza tangu ile shikamoo. Alisema sijali tena, aniite nani asiniite nani, ale tu mkononi mwangu.

Bi Hajra hakuifikia Jumatatu. Alikata roho Jumapili baada ya alfajiri. Lakini Jumamosi alasiri akili ilimrudia kidogo, au sijui niseme ilimwondokea zaidi. Tulikuwa tunamgeuza ubavu, mimi huku na Miza kule, akamshika Miza mkono.

"Sabiha, unarudi lini kwenu?"

Miza alinitazama. Hakubishana tena. "Karibuni, dada," akasema.

"Basi nakutuma. Kuna mama mmoja mtu mzima alikuwa akija hapa. Mnyonge, mashavu yamemwingia, mikono inanukia udi. Alikuwa akinilisha na kunibadilisha bila kununa hata siku moja. Ameacha kuja." Akapumua. "Nadhani amekufa, na wamenificha. Ukifika huko mtafute."

Miza alikuwa ameacha kupepesa macho. Mimi nilishika nguzo ya kitanda.

"Jina lake sikumuuliza, nilimwonea haya. Mwambie Hajra amekuwia radhi, duniani na akhera. Mwambie hata mwanangu wa kumzaa, Miza, akikua, sidhani kama atanitunza vile." Vidole vikambana Miza kiganjani. "Utamjua ukimwona?"

Miza akaweka mkono wake mwingine shavuni, pale palipojaa, akaubonyeza.

"Nilikuwa namjua," akasema.