Masikio ya Shangazi Naserian

Nilipokuwa mtoto kule Mashuuru, miaka ya tisini, niliogopa masikio yaliyoshonwa kuliko nilivyoogopa fisi. Aliyenitia woga huo ni mama yake baba, ambaye sote tulimwita Koko. Alisema mtu akiyafunga masikio aliyotobolewa na wazazi wake, wazee wake humpoteza: walio hai hawamtambui, na waliokufa wakimwita hasikii. Alisema hayo akinusa ugoro wake, bila kupandisha sauti, nami nikaamini kila neno.

Basi fikiria hali yangu Shangazi Naserian, dada mdogo wa baba, alipotangaza kwamba anataka kwenda kushonwa.

Masikio yake, yaliyotobolewa na kuvutwa kwa desturi yetu, yalikuwa marefu, na tundu pana ambalo nilikuwa nikipitisha mkono tukicheza. Aliuza nguo katika duka moja mjini Kitengela, na wasichana wenzake walimwita shosho, yaani bibi kizee, ilhali hata arobaini hajafika. Mwenye duka naye akamhamishia stoo, eti wateja wanataka kuona sura changa. Shangazi alikuwa mrembo na alijijua, ndiyo maana jambo hilo lilimchoma sana. Koko akamkataza. Wakajibizana mpaka baba akatoka nje, na Shangazi akaondoka bila kuaga. Tulisikia baadaye kwamba amepata daktari Nairobi.

Hakuja nyumbani miezi mingi. Koko hakumtaja, ila kila gari liliposimama barabarani aligeuza kichwa kusikiliza. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na sasa alituona kama vivuli tu.

Shangazi alirudi asubuhi moja ya Disemba, tukikamua ng'ombe. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Masikio yalikuwa mafupi na nadhifu, na hereni ndogo za dhahabu bandia. Niseme ukweli, alipendeza. Alionekana binti wa juzi, nami nikakumbuka onyo la Koko.

Kwetu mdogo huinamisha kichwa, mkubwa akamgusa utosini. Koko, kwa sababu ya macho, alikuwa na nyongeza yake: mkono ulishuka kutoka utosini hadi sikioni, ndipo akakutaja kwa jina. Shangazi aliinama mbele yake bila kusema neno. Nadhani aliogopa kwamba sauti ingemsaliti. Mkono ukashuka, ukatafuta, ukarudi kutafuta tena.

"Huyu ni msichana wa nani?" Koko akauliza.

Nilijua yametimia. Shangazi alikuwa ameutaka usichana, na sasa amepewa na mama yake mwenyewe. Alianza kulia pale pale, bado ameinama.

"Ni mimi, yeyo, mama yangu. Ni Naserian."

Koko hakuondoa mkono. Alipapasa ndewe ya sikio kwa kidole gumba mpaka akapata kovu, uzi mdogo wa nyama ngumu, akalifuata taratibu.

"Iliuma?"

"Iliuma."

"Nani alikuwa amekushikilia?"

Mtoto wa kwetu akitobolewa masikio, mama yake ndiye humpakata na kumshika kichwa asitikisike. Koko alikuwa amemshika Naserian hivyo, mara mbili, kulia na kushoto.

"Hakuna mtu. Nilienda peke yangu."

Koko akamvuta, akakilaza kichwa cha Shangazi mapajani pake, mtu mzima na hereni zake.

"Ungeniambia nikuje nikushikilie," akasema.

Onyo la Koko lilitimia, siwezi kukana. Lakini laana niliyoingoja haikuja. Miaka yote tangu hapo nimewasikia watu wakibishana kuhusu nyuso na miili, huyu anasema ni dhambi, yule anasema ni haki yake, nami sijui nimpe nani ushindi. Naishi Kitengela sasa, na nikijiangalia kwenye kioo cha saluni sipendi kila ninachokiona.

Mwezi uliopita mwenzangu wa ofisini alinivuta kando, akaninong'oneza kwamba anaenda kukatwa ngozi inayoning'inia juu ya macho, maana vijana wanaoajiriwa wanamfanya ajione kizee. Alitaka kujua ninamwonaje. Nilimuuliza nani anaenda na yeye. Aliposema anaenda peke yake, niliomba ruhusa ya siku hiyo kazini.