Mama, Wachawi na Mwezi Uliopatwa

Mama yangu alikuja Toronto mwezi wa Novemba ili anipokelee mtoto, na kufikia Februari ya 2008 alikuwa ameshanichosha kwa kuniomba nimbadilishie tiketi arudi Tanga. Mtoto mwenyewe bado alikuwa tumboni, miezi saba. Nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili kabla ya hiyo, zote nikiwa huku, mbali naye, na safari hii niliapa sizai bila mama. Mimi ni mwanawe wa pekee. Sasa mama huyo huyo kakaa kwenye kochi, begi lake kaliweka karibu na mlango, ananiambia kwa upole kabisa kwamba nchi hii haina watu.

Nikimwambia watu wamejaa tele, ananionyesha korido. Tuliishi ghorofa ya kumi na nne, Flemingdon Park, jengo ambalo ukiingia kwenye lifti asubuhi unasikia lugha za dunia nzima kabla hujafika chini. Lakini mama kila akisalimu anapewa tabasamu la haraka, kisha mlango unafungwa. Mwanamke aliyezoea kumaliza robo saa kuuliza habari za mtu, za watoto wake, za mguu wake unaouma, utampa tabasamu la sekunde moja? Mimi nashinda ofisini Don Mills, mume wangu zamu zake za jioni, na yeye anabaki na televisheni asiyoielewa. Nilimwelewa, na bado nilimkasirikia. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu mimi hutoka kama hasira.

Jirani aliyekuwa akisimama walau kidogo alikuwa mmoja tu, bibi wa Kizungu wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu wa hisabati, nywele nyeupe mpaka kiunoni. Roshani yake na yetu zilitenganishwa na ukuta mfupi. Mama akitoka kuutafuta mwezi mwandamo, jirani naye yuko nje kajitanda shali, anautafuta huo huo. Wakiuona wanaonyeshana kwa kidole. Mama anainua mikono kuomba dua, jirani anainamisha kichwa kama anayemwamkia mkubwa wake. Mama alimpenda kwa hilo tu. Alisema Kanada nzima huyu ndiye mtu pekee anayejua kuwa mwezi umeandama.

Tatizo ni kwamba jirani huyo alikuwa mchawi.

Simsingizii. Aliniambia mwenyewe kwenye chumba cha mashine za kufulia, tunakunja mashuka. Nilimuuliza kwa nini kila mwezi ukiwa mpevu anaweka bakuli la maji roshani, nikidhani labda ni la ndege. Akanijibu kwamba yeye ni mchawi, kwa sauti ile ile ambayo mtu angekwambia yeye ni Mwanglikana. Nikabaki nimeshika pembe ya shuka. Akanieleza bila haraka: yeye na wenzake ni Wapagani, na mwezi kwao ni kama uso wa mungu wa kike. Ukianza kukua ndipo wanapoanzisha mambo mapya. Ukijaa wanashukuru, na maji yale yanakaa chini ya mwanga wake wayatumie katika ibada. Ukipungua wanaacha yale ya kuachwa, hasira, tabia mbaya, mtu asiyefaa. Ukipotea kabisa wanapumzika. Kumdhuru mtu, alisema, ni mwiko kwao.

Nilicheka peke yangu ndani ya lifti. Wazungu walitufuata hadi Tanga kuwaita mababu zetu wapagani, wakawaona hawana akili, kumbe huku wajukuu zao wameuokota upagani wenyewe na wanautunza vizuri tu.

Mama sikumwambia. Ungemwambia wewe? Mwanamke ambaye hakuniruhusu ninunue hata soksi ya mtoto kabla hajazaliwa, asije mtu akaiona. Ambaye kwa mimba zangu mbili zilizotoka, ingawa hakuwahi kuyatamka, alikuwa na majina ya watu wa mtaani kwetu aliowashuku. Nimwambie kwamba ukuta mmoja na kitanda changu analala mchawi? Angeondoka usiku huo huo, na mimi angenikokota nyuma yake kama mzigo.

Basi jioni moja ya Februari habari za televisheni zikasema mwezi utapatwa. Picha ilikuwa inajieleza, hata mama aliiona. Alinyanyuka kwenye kochi kwa kasi ambayo sikuwa nimeiona tangu afike. Akakusanya visu vyote vya nyumba akavifungia kabatini, pamoja na mkasi na sindano. Akanipeleka chumbani, akashusha pazia, akaniamuru nilale nimenyooka, nisijikune, nisijishike popote, kwa sababu mwenye mimba akijigusa mwezi ukiwa umepatwa mtoto hutoka na alama pale pale. Mimi nimesoma. Najua ni kivuli cha dunia na hakuna zaidi. Lakini baada ya kupoteza wawili, nililala nimenyooka kama mstari na wala sikubisha. Pua iliniwasha kuliko siku zote za maisha yangu.

Nilimsikia sebuleni akiswali swala ya kupatwa. Kisha nikasikia mlango wa roshani unafunguliwa, halafu sauti yake, si ya kuniambia mimi, ya kulalamika tu: jiji zima hili, mwezi unaondoka, na hakuna hata mmoja anayeuita. Kilichofuata kilikuwa sinia. Lile sinia langu la shaba la pilau, na mwiko. Aligonga kama anavyogonga mtu wa kwetu mwezi ukipatwa, pa pa pa, bila kupumzika, huku akimwambia chatu aliyeumeza auachie, auachie. Na baridi ile ya kukausha pua.

Nilitamani godoro linimeze. Nilianza kuhesabu majirani watakaopiga simu kulalamika. Na kweli, hazikupita dakika nyingi, mlango ukagongwa. Mama akanyamazisha sinia. Mimi nikavunja amri, nikainuka, nikaenda kufungua nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi.

Alikuwa jirani. Koti hadi miguuni, kofia ya sufu, ngoma ya duara kwapani, na uso wote umejaa furaha kama bibi harusi. Akauliza ni nani anapiga vile vizuri. Wenzake wako chini, kwenye theluji nyuma ya jengo, ila baridi imewakimbiza wengi, wamebaki wachache na ngoma zao hazisikiki. Anaomba mama ashuke na chombo chake.

Mama alikuja nyuma yangu na mwiko mkononi. Akauliza anasema nini. Nikamwambia. Akauliza hao wenzake ni akina nani. Hapo ndipo nilipokwama. Jirani ananitazama, mama ananitazama, na mtoto kachagua saa ile ile kunipiga teke la ubavu. Nikaona potelea mbali. Nikamwambia, mama, huyu na wenzake wanajiita wachawi, wanauabudu mwezi.

Mama alimtazama yule bibi kuanzia kofia hadi viatu. Kisha akanitazama tumbo. Nilishaliona begi lile likiburutwa koridoni. Halafu akaniuliza, polepole, kama mtu anayechagua samaki:

"Muulize. Wanapiga ngoma ili mwezi ufe, au ili utoke?"

Nikamuuliza. Jirani akashangaa swali lenyewe. Akasema ili utoke, bila shaka, ili urudi na mwanga wake.

"Basi nitafutie soksi nzito," mama akasema. "Na wewe rudi ukalale."

Alishuka na koti la mume wangu lililomfika kwenye vifundo, khanga juu ya kofia, sinia kwapani. Kuabudu hakuabudu, aliniambia baadaye, alisimama pembeni na dua zake, wao na zao. Lakini kugonga aligonga. Mimi nimelala gizani nikalisikia sinia langu likipanda kutoka chini, na ngoma zikilifuata. Baadaye kidogo nikasikia sufuria. Ilitoka roshani ya chini yetu, kwa familia ya Kibangladeshi ambayo tangu tuhamie hatujawahi kupeana zaidi ya habari za lifti. Kisha kukawa na nyingine, upande wa pili wa jengo. Wacha wee, nililia. Nililia kwa furaha, nimenyooka, mikono mbali na uso, machozi yakiingia masikioni kwa kuwa kuyafuta ilikuwa marufuku.

Mama alirudi ana theluji kwenye nyusi na anacheka. Alikuwa ameamkiana na watu sita. Mmoja, alisema, mguu unamuuma, wa kushoto.

Asubuhi ya pili jirani alibisha hodi, amekuja kumshukuru. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko na mama alikuwa anasukuma chapati. Hakumwambia akae sebuleni, alimvutia kiti jikoni, kule wanakokaa watu wa nyumbani. Mama akanituma nimuulize, sasa huo mwezi kwao ni nini hasa. Jirani akachora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani: mwezi mchanga, mwezi mpevu, mwezi unaopungua, mitatu kwa mstari. Wa kwanza ni msichana, alisema. Wa katikati ni mama. Wa tatu ni bibi, mwanamke mkubwa, mwenye kujua. Akajigusa kifuani, kisha akamwonyesha mama kidole kwenye ule wa tatu, kwa heshima.

Nilipomaliza kutafsiri mama alitikisa kichwa. Akakirudisha kidole cha jirani kwenye ule wa katikati.

"Mwambie hapo mbele bado sijafika," aliniambia. "Na siondoki Kanada mpaka nifike."

Ya tiketi hatukuyazungumza tena. Begi nililirudisha kabatini mwenyewe, haraka, asije akabadili mawazo.

Binti yangu alizaliwa Aprili. Mama alimvua nguo zote, akamgeuza huku na huku karibu na dirisha, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, na hakuona alama hata moja. Siku tuliyorudi nyumbani jirani alikuja na kusimama mlangoni, mikono nyuma. Hakutaka kuingia. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amesoma jinsi watu wa kwetu wanavyowaogopa wachawi, hasa kwa watoto, na hatachukia akimwangalia mtoto kutoka pale pale.

Mama akauliza mbona haingii. Nikamwambia yote. Akamnyanyua mjukuu wake kutoka mikononi mwangu, yule niliyemsubiri kwa mimba tatu, akavuka sebule, akamweka mikononi mwa mchawi, akamsawazishia shingo. Kisha akaenda jikoni kunikorogea uji.